Historia ya maktaba ya taifa ihesabiwe tangu lini?

Inapoelezwa historia ya maktaba ya taifa nchini mwetu, aghalabu huanzwa na tarehe 9 Disemba 1967, siku ambayo Mwalimu Nyerere aliifungua Maktaba Kuu ya Dar es Salaam, kisha hutajwa sheria ya mwaka 1975 iliyounda Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania. Kwa upande wa Bara sina ugomvi na hesabu hiyo. Kwetu Visiwani naiona fupi mno, kwa sababu inatazama jengo na sheria, ilhali kazi hasa ya maktaba ya taifa ni kukusanya na kuhifadhi kilichoandikwa na kuchapwa na watu wake.

Kwa kipimo hicho, hatuna budi kurudi kwa Sayyid Barghash, sultani aliyetawala Zanzibar kuanzia 1870 hadi 1888, ambaye alileta Unguja mtambo wa kupigia chapa, na kwa mtambo huo yakachapwa majuzuu ya Qamus al-Sharia, kitabu kikubwa cha fiqhi, yaani sheria ya Kiislamu, ya madhehebu ya Kiibadhi ambacho uchapaji wake haukufikishwa mwisho. Mwaka 1892 likaanza gazeti rasmi la serikali, na baadaye yakafuata Samachar, Al-Falaq na Mwongozi. Mji wetu, pamoja na udogo wake, ulikuwa ukisoma kwa Kiarabu, Kigujarati, Kiingereza na Kiswahili, jambo ambalo vijana wetu wengi wa skuli hawaelezwi.

Tunayo bahati ya kuwa na Nyaraka za Kilimani, hifadhi ya nyaraka za taifa hapa Zanzibar, zinazohifadhi barua za masultani na majalada ya ubalozi mdogo wa Uingereza na wa Ujerumani. Hata hivyo, nyaraka huanzia kwenye meza za serikali. Vijitabu vya kasida, diwani za washairi wetu na maandishi ya Kiswahili kwa herufi za Kiarabu vilianzia majumbani na misikitini, na vingi vingali humo, ndani ya makasha, vikiliwa na mchwa.

Kwa maoni yangu, jukumu la kukusanya na kuhifadhi maandishi hayo ni la maktaba yetu kuu iliyopo Maisara, Unguja, na sheria peke yake haitatosha: panahitajika mtu wa kupita mitaani na mashamba akiomba ruhusa ya kunakili, bila ya kumnyang'anya mwenyewe urithi wake. Ningependa kazi hiyo ianzie Pemba, na nakala zibaki Chake Chake, ili mwanafunzi wa Wete au Mkoani asilazimike kupanda boti kuja Unguja kusoma utenzi uliotungwa kijijini kwao.