Hapa Uliondoka

Bi Mkubwa aliuchukua ukili wangu, ule utepe uliosukwa wa kushonea mkeka, akaupitisha vidoleni taratibu kama anayesoma barua, akasimama pale upana ulipozidi. "Hapa uliondoka," akasema. Akasogea mbele kidogo. "Hapa ukarudi. Na hapa, ah, hapa ulikwenda mbali, mwanangu."

Kweli tupu. Pale pa kwanza nilikuwa nawaza kodi ya nyumba. Pa pili, karo.

Mimi ni wa hotelini, upande wa dobi, hapa Malindi. Kila masika, kusi likivuma na Mto Sabaki ukimwaga tope mpaka maji ya pwani yetu yageuke rangi ya chai ya maziwa, wageni hupungua, hoteli nyingi hufunga, nasi huambiwa tukapumzike nyumbani bila mshahara. Basi watu wa mji huu kungoja tumekuzoea. Tunangoja msimu, na msimu ukifika tunalalamika kwamba si kama ile ya zamani.

Kanisani nako tunangoja. Januari ikiingia, mwaka hupewa jina: mwaka wa kuvuka, mwaka wa upenyo, mwaka wa kurudishiwa. Fulana huchapishwa. Ninazo tatu, na moja siku hizi ni tambara la kudekia. Sisemi tumaini ni baya. Bila tumaini ningekuwa nimeshakimbia mji. Ila naona tumekuwa abiria wa matatu isiyojaa: tumeketi, injini inanguruma, makanga anaapa kwamba amebakiza mmoja tu, na dirishani ni duka lilelile. Kila Jumapili nilikuwa nikitoka ibadani nimejaa kesho, leo nimeisahau kwenye benchi.

Nimekuwa nikiirudia Kutoka 16, ile habari ya mana, chakula ambacho Mungu aliwapa Waisraeli jangwani. Biblia yetu inasema kila mtu aliokota "pishi kichwa". Pishi! Kipimo kilekile bibi zetu walichopimia mchele. Waliojiwekea akiba mpaka asubuhi waliamkia mabuu na uvundo. Najua, siku ya sita waliruhusiwa kuokota maradufu kwa ajili ya Sabato, kwa hiyo asije mtu akasema nakataza watu kuweka akiba kwenye chama. Ninachokiona mimi ni kwamba Mungu aliwalisha miaka 40 bila kuwaonyesha hata mara moja ghala limejaa. Na Yesu alipofundisha kuomba alisema tuombe riziki ya leo. Bi Mkubwa, ambaye ni Mwislamu na huswali swala zake zote tano, hulitumia neno hilohilo: riziki. Akiulizwa hali, hujibu, "Ya leo nimeiona, alhamdulilahi."

Ni yeye aliyenifundisha kusuka. Masika ya mwaka juzi nilikwenda kwake kuazima pishori kidogo, nikamkuta barazani na chane zake, vile vipande vyembamba vya majani ya kusukia, nyeupe na zilizotiwa rangi, akanisogezea fungu bila kuniuliza. Nilidhani ni kazi rahisi ya wazee. Wiki mbili nzima nilikuwa nafumua. Chane zikikauka sana hukatika, zikilowa sana hulegea na ukili ukikauka huacha mianya. Na ukipoteza hesabu ya chane moja tu, pambo lote huenda kombo, nawe hujui mpaka umeshasuka shibiri nzima. Ukili hupimwa kwa pima, mikono miwili ikiwa imenyooshwa, na mkeka mmoja hula pima nyingi kabla ya kushika shazia, sindano ya mikeka, kuushona. Ukianza kuhesabu zilizobaki, umekwisha. Unasuka hii iliyo mkononi.

Siku moja niligundua kwamba nimekaa pale saa mbili nzima sijawaza kitu kinachonitia hofu, na kwamba nimekuwa nikiimba tenzi kwa sauti ya chini. Sikuwa nimeomba kwa maneno. Lakini sijui niiteje ile kama si sala.

Tangu hapo namsoma Bezaleli, yule wa kitabu hichohicho cha Kutoka, kwa jicho jingine. Hakuwa kuhani wala nabii, alikuwa fundi, na Mungu anamwambia Musa waziwazi kwamba amemjaza roho yake apate ustadi wa kazi za mikono. Sura chache mbele wanatajwa wanawake waliosokota nyuzi. Ni mara ngapi mmesikia mahubiri juu ya wasokotaji wale? Mimi bado.

Pale karibu na bahari kuna kile kikanisa kidogo cha Wareno, chenye paa la makuti. Mmisionari Francis Xavier alipita Malindi mwaka 1542 akielekea India, na katika barua yake anaeleza alivyozungumza na mzee wa Kiislamu wa hapa aliyesikitika kwamba ibada imepoa: misikiti 17, na mitatu tu ndiyo yenye watu. Niliposoma hayo nilicheka. Karibu miaka 500 iliyopita mtu wa Malindi alikuwa tayari analilia zamani! Sisi tukaongeza kulilia kesho.

Ukili haulipi kodi, nikiri. Mwenye nyumba alikuja mwezi uliopita, akausifu mkeka wangu, kisha akadai pesa zake. Ningekuwa muongo nikisema furaha hii inajaza sufuria. Rafiki zangu wa kanisani wananiambia niugeuze biashara, nipige picha, niuze kwa watalii msimu ukirudi. Huenda nikauza mmoja au miwili. Lakini nimegoma kuufanya uwe upenyo wangu, maana siku nitakapoanza kuusuka kwa ajili ya mteja ambaye hajashuka hata kwenye ndege, nitakuwa nimerudi ndani ya ile matatu.

Jana adhana ya Magharibi ilitukuta barazani. Bi Mkubwa akaweka chane zake chini, akajishika magoti kuinuka, akanitazama. "Suka. Nikirudi nitaukagua."

Nikasuka. Kulikuwa na mahali pamoja niliondoka, nyanya zilipopita kwenye mkokoteni nikakumbuka sina kitoweo. Sikufumua. Nataka nione kama atapaona.