Stesheni ya Syokimau ni nzuri, ratiba ndiyo inayofukuza abiria

Kila msongamano wa Mombasa Road unapozidi, hujitokeza mtu wa kuwalaumu wakazi wa Syokimau, nje kidogo ya Nairobi: wamejengewa stesheni ya treni tangu 2012, ila wanang'ang'ania magari yao. Kauli hiyo imerudi tena, na safari hii imeniudhi kwelikweli, kwa sababu anayeitoa hajawahi kuisoma ratiba ya treni kwa macho ya mtu anayetoka kazini saa 2 usiku.

Rais wa wakati huo, Mwai Kibaki, aliifungua stesheni hii Novemba 2012. Kabla yake, abiria wa Nairobi walikuwa wakitumia kile tu alichokiacha mkoloni. Reli ya Mombasa ilifika Nairobi Mei 1899 ikiwa safarini kuelekea Ziwa Victoria, na aliyeichora hakuwa na haja na mfanyakazi wa kurudi nyumbani jioni. Stesheni ziliwekwa pale ambapo injini ya mvuke ilihitaji maji, na pale ambapo treni mbili zingeweza kupishana. Syokimau ilikuja na fikra nyingine kabisa. Ilitandikiwa kipande kipya cha reli, ikawekwa kando ya mitaa iliyokuwa ikijaa watu kwa kasi, ikapewa uwanja wa kuegesha magari ili mtu aliache gari hapo na kumalizia kilomita 16 hivi kwa treni. Wazo hilo naliunga mkono hadi leo.

Sasa lifuate wazo hilo hadi mwisho wake. Umeegesha gari Syokimau saa 12 na nusu asubuhi. Umefika mjini baada ya kama nusu saa, huku wenzako wa barabarani hawajavuka Bellevue. Saa 5 mtoto anaugua shuleni. Treni za wafanyakazi huelekea mjini asubuhi na kurudi jioni. Katikati ya siku zinazobaki ni zile zinazofuata nyakati za Madaraka Express, treni ya abiria ya kwenda na kutoka Mombasa. Utapanda matatu, ushuke barabara kuu, utafute bodaboda hadi stesheni, ndipo ulifikie gari lako. Likikupata jambo kama hilo mara mbili, mwezi unaofuata utakwenda mjini na gari. Abiria hapimi treni kwa ile anayoipanda. Huipima kwa ile atakayoihitaji siku mambo yakiharibika, na treni hiyo ndiyo haipo.

Tukisema hivi tunajibiwa kwamba mabehewa hayatoshi. Mabehewa ni sehemu ndogo ya tatizo. Treni za Ruiru, za Embakasi Village na za Syokimau zote hupita stesheni ya Makadara, na kutoka hapo hadi Stesheni ya Kati zinatumia njia zilezile. Treni ya Ruiru ikichelewa, ya Syokimau inasubiri, hata kama dereva wake hana kosa lolote. Baada ya Makadara, njia ya kuja kwetu kupitia Imara Daima kwa sehemu kubwa ni ya reli moja tu ya kwenda na kurudi, na hesabu ya reli moja haina huruma.

Chukua kipande ambacho treni hukipita kwa dakika 12. Ongeza dakika 3 za kuhakikisha imetoka yote, kugeuza pointi (reli za kuhamishia treni kutoka njia moja hadi nyingine) na kutoa kibali kwa inayofuata. Hizo ni dakika 15 kwenda na 15 kurudi. Kwa hiyo kila upande unapata treni moja kwa nusu saa, mbili kwa saa, na hata ukinunua mabehewa 100 hutapata ya tatu bila kuunyang'anya upande wa pili nafasi yake. Hivyo ndivyo hufanyika asubuhi: treni zinafululizwa kuelekea mjini, na anayetaka kutoka mjini kwenda Syokimau saa 1 anasahaulika.

Dawa yake ni njia ya kupishana. Kwa treni ya mita 150, mita 250 za reli ya pembeni zinatosha, pamoja na pointi kila upande na taa za kuzilinda. Ila isiwekwe katikati kwa kilomita. Iwekwe katikati kwa dakika. Njia hii inapita kando ya mitaa ya Mukuru, ambako nyumba na biashara zimeusogelea mtaro wa reli, watoto wanakatiza, na dereva lazima apunguze mwendo na kupiga honi. Kilomita moja hapo si sawa na kilomita moja ya upande wa Syokimau. Ukiigawa ile safari ya dakika 12 kuwa 6 na 6, kila mzunguko unachukua dakika 18 (6 na zile 3, kwenda na kurudi), na unapata treni tatu kwa saa kila upande. Ukiigawa vibaya, ikawa 9 na 3, kipande kirefu ndicho kinachoamua: mzunguko unakuwa dakika 24 na umepoteza nusu ya faida uliyoilipia.

Tumekwisha kupiga hatua moja kubwa ambayo haisifiwi vya kutosha. Zamani treni ilikuwa na kichwa kimoja, yaani injini ya kuvuta, mbele. Ikifika mwisho wa safari, mfanyakazi anaingia kati ya kichwa na behewa la kwanza, anafunga valvu, anatenganisha mpira wa breki, anafungua kiungio. Kichwa kinasogea mbele kupita pointi, kinarudi kwa reli ya pembeni hadi nyuma ya mabehewa, kinapita pointi nyingine, kinajisukuma taratibu hadi kushika. Mpira unaunganishwa upya, wanasubiri breki ziwe tayari, zinajaribiwa hadi behewa la mwisho. Pointi moja ikiwa imejaa kokoto au matope ya mvua, robo saa imekwenda. Treni zilizoletwa 2020, zilizokuwa zikitumika kisiwa cha Mallorca kule Uhispania, zina injini zake zenyewe na chumba cha dereva pande zote mbili. Zilitufaa kwa sababu reli ya Mallorca ni ya upana wa mita 1 kama reli yetu ya zamani. Dereva anatembea tu hadi upande wa pili na kuanza safari.

Kwa nini basi ratiba bado inafanana na ya enzi ya kichwa kimoja?

Nakubali, kwa shingo upande, kwamba treni ya saa 5 asubuhi itakwenda na viti vingi vitupu na itachoma dizeli. Barabara ya juu ya Mlolongo hadi Westlands nayo ina saa zake za utupu, na haifungwi mchana.

Kisha kuna jirani wa kimo kikubwa. Tangu Mei 2017 stesheni kuu ya SGR, reli mpya ya Mombasa, iko hapohapo Syokimau. Madaraka Express ikiingia kutoka Mombasa, zaidi ya abiria 1,000 wanaweza kushuka kwa pamoja, na SGR ni ya milimita 1,435, kwa hiyo haiwezi kuendelea mjini kwa reli ya mita 1. Lazima wahame. Anayesafiri kwenda Mombasa aondoke mjini angalau saa moja na nusu mapema, maana ukaguzi wa mizigo hauna njia ya mkato. Mwenye makazi ya hapa naye akumbuke kwamba treni ya kuwapokea wa Mombasa imepangwa kwa ajili yao: wakichelewa, nayo inachelewa.

Suala la mipaka nalitaja kwa ufupi. Stesheni iko Kaunti ya Machakos, abiria wanakwenda Nairobi, na njia za miguu na taa za kumfikisha mtu stesheni zikawa za kila mtu na za hakuna. NaMATA, mamlaka ya usafiri ya Nairobi na kaunti jirani, iliundwa 2017 kwa ajili ya mambo ya namna hii hasa.

Kabla ya jengo jingine kuzinduliwa, naomba vitu vitatu kwa mpangilio huu: treni moja kila saa mchana kutwa kwa miezi sita mfululizo kwa ratiba isiyobadilika, treni ya mwisho kutoka mjini saa 3 na nusu usiku, na njia ya kupishana kati ya Makadara na Syokimau. Viwili vya kwanza havihitaji hata kokoto moja mpya.