Pedali Inaizamisha Adagio ya BWV 974

Siku hizi karibu kila mpiga piano anaipiga Adagio, yaani sehemu ya polepole, ya BWV 974 (BWV ni namba za orodha ya kazi za mtunzi Johann Sebastian Bach), na wengi wanaipiga kana kwamba ilitungwa kwa piano: polepole kupita kiasi, pedali ya kushikilia sauti imekanyagwa mwanzo hadi mwisho. Kwa maoni yangu, hivyo ndivyo inavyoharibika.

Asili yake ni konseto (kazi ya mpiga solo na okestra) ya obo, ala ya kupuliza, na nyuzi, ya mtunzi Alessandro Marcello wa Venice. Bach aliiandika upya kwa kinanda kimoja akiwa Weimar, Ujerumani, mnamo miaka ya 1713 na 1714, katika kundi la konseto 16 (BWV 972 hadi 987). Kinanda chenyewe kilikuwa harpsikodi, ambayo nyuzi zake hudonolewa na sauti yake hufifia mara tu baada ya kibao kubonyezwa. Obo inaweza kushikilia noti moja ndefu na kuikuza kwa pumzi, harpsikodi haiwezi. Ndiyo maana Bach aliyaandika mapambo yote, yaani vinoti vya kuupamba wimbo, noti kwa noti. Yanafanya kazi ya pumzi ile, kwa hiyo hayahitaji pedali iyashike.

Anza na mkono wa kushoto peke yake. Noti zile zinazojirudia ni kundi la nyuzi. Weka metronomu (kifaa cha kuhesabu mapigo kwa dakika) kati ya 66 na 76, pigo moja kwa kila noti; chini ya hapo mpiga obo angekosa pumzi. Mwanzoni sauti huingia moja baada ya nyingine na kusuguana. Acha msuguano huo usikike. Kosa la kawaida hapa ni kidole gumba, ambacho ni kizito na ndicho kinachopiga noti ya juu ya kodi (noti kadhaa zinazopigwa pamoja), hivyo kinafunika wimbo. Kilegeze, kikae karibu na kibao cha piano. Kwenye piano kubwa ya kulala unaweza kurudia noti bila kuacha kibao kirudi hadi juu, na sauti inatoka laini. Kwenye piano ya kusimama kiache kibao kirudi juu karibu kabisa, la sivyo baadhi ya noti hazitalia kabisa.

Kisha tafuta noti za obo za Marcello, upige wimbo mtupu kwa mkono wa kulia mpaka uukariri. Baada ya hapo tu ndipo uongeze mapambo ya Bach. Anayeanza na mapambo huzipa noti zote uzito sawa, na wimbo unapotea katikati ya vinoti. Pale mpiga obo angevuta pumzi, inua mkono. Pedali uiguse tu pale kodi inapobadilika, basi.

Na tafadhali, pigeni konseto nzima. Katika sehemu za haraka za konseto hizi, okestra nzima inapoingia mara nyingi Bach hujaza mikono yote miwili. Anapobaki mpiga solo, huacha sauti mbili au tatu. Usigonge kwa nguvu ili kuonyesha tofauti hiyo, maana idadi ya noti imeshaionyesha.