Mtoto wa Katuba hakufeli kwa uvivu

Matokeo ya Exetat, mtihani wa serikali wa kumaliza sekondari nchini Kongo, yakitoka, Lubumbashi nzima inasikia: honi, vigelegele, poda nyeupe vichwani mwa waliofaulu. Siku hiyohiyo ujumbe unaanza kuzunguka kwenye simu: aliyefeli alijitakia, mwenye bidii hafeli. Unaniudhi kila mwaka, kwa sababu wanaousambaza ni watu waliosoma, na wengine ni walimu.

Wanasosholojia Pierre Bourdieu na Jean-Claude Passeron walilichambua jambo hili nchini Ufaransa mwaka 1964, wakalirudia mwaka 1970. Shule, walisema, inawapima watoto wote kwa vitu ambavyo haiwafundishi wote. Msamiati mpana, namna ya kupanga hoja, kutoogopa kumjibu mwalimu: mtoto wa wasomi anakuja navyo kutoka nyumbani, na shule inaviita akili. Bourdieu aliuita huo mtaji wa utamaduni. Upo katika vitu, kama vitabu. Upo katika diploma. Na zaidi ya yote umo mwilini mwa mtu, katika lugha na mazoea yake. Kitabu unakinunua leo. Lugha inadai miaka ya kuishi na wanaoisema.

Sasa tazama hapa kwetu. Mtoto wa Katuba, mtaa wa watu wa kawaida hapa Lubumbashi, anaongea Kiswahili nyumbani, sokoni na barabarani. Kifaransa anakutana nacho ubaoni. Anapofika kwenye maswali ya kuchagua, anaulizwa ni sentensi ipi kati ya tano ambayo si sahihi. Kile kikanusho kidogo cha Kifaransa kinampita, anachagua iliyo sahihi, na alama inapotea ilhali somo analijua. Mama yake anauza makaa. Nani amsahihishie jioni? Mwenzake wa Golf, mtaa wa wenye uwezo, amekuwa akisahihishwa mezani tangu alipoanza kusema. Wote wawili wanadaiwa asilimia 50 ileile ili wafaulu, na usawa huo wa juujuu ndio unaofanya tofauti ya nyumba ionekane tofauti ya vichwa.

Ndiyo, wapo wa Katuba wanaofaulu vizuri sana. Bourdieu mwenyewe alizaliwa kijijini Denguin mwaka 1930, na baba yake alikuwa mfanyakazi wa posta. Wanaosema nadharia yake inamwachia mtu nafasi ndogo ya kutenda wana hoja. Mwanasosholojia Mwingereza Anthony Giddens aliitetea nafasi hiyo mwaka 1984, na nakubali. Ila wachache hao wasitumiwe kuwanyamazisha wengi.

Yanayoonekana ya mtu binafsi yana mizizi katika jamii: Émile Durkheim, mwanasosholojia mwingine wa Ufaransa, alionyesha mwaka 1897 kwamba hata kujiua, tendo la upweke kabisa, kuna viwango vinavyopanda na kushuka kufuatana na dini na ndoa. Na sisi tuna mwaka 2003, Gécamines, kampuni ya madini ya serikali, ilipowaaga wafanyakazi zaidi ya 10,000 kwa mpango uliofadhiliwa na Benki ya Dunia. Nani atasema wote hao waligeuka wavivu mwaka mmoja?

Walimu wa finalisti, yaani wanafunzi wa mwaka wa mwisho, ninawaomba saa mbili tu kwa juma. Chukueni maswali ya miaka iliyopita, na kabla ya kugusa jibu, kila mwanafunzi aeleze kwa Kiswahili swali linataka nini. Akikwama hapo, shida ni lugha. Akilieleza vizuri kisha akakosa jibu, shida ni somo. Wekeni makosa hayo katika safu mbili za daftari, na safu iliyo ndefu ndiyo ianze kufundishwa juma linalofuata.