Sungura wa sufu, Angora, wa macho ya bluu: tufuate macho au sufu?

Miezi miwili iliyopita mfugaji mwenzangu wa Makorora kanipigia simu usiku, jike lake la Angora mweupe wa macho ya bluu kazaa na dume mweupe wa macho mekundu, na kwenye kiota vitoto vyote ngozi nyeusi na kijivu, hata cheupe kimoja hamna! Akajua kuna dume la jirani limeingia bandani. Nikamwambia ndugu yangu hakuna aliyeingia, weupe wa hao wawili sio mmoja. Wa macho mekundu hana rangi mwilini kabisa, ule wekundu ni damu ndo unaiona, na wa bluu ana jeni nyingine inaitwa Vienna. Mtoto awe mweupe lazima apewe jeni ileile na baba na mama, sasa hapa kila mmoja kaleta yake, rangi zilizojificha zikatoka zote.

Wanaopenda rangi mi nawaelewa. Sufu ya kijivu au ya kahawia unaisokota hivyohivyo bila kuichovya, na ukifuata rangi inabidi uandike nani kazaa na nani, kitu ambacho wengi wetu hatufanyi. Ila sufu nyeupe inapokea rangi yoyote, ndo maana Angora wa Kijerumani wanaofugwa kwa sufu wengi ni weupe, na mmoja mzuri anatoa zaidi ya kilo 1 kwa mwaka.

Kinachoniuma ni huku kupandisha baba na binti ili tu macho ya bluu yarudi. Sungura wenyewe tunao wachache, ukibana damu hivyo unaanza kuona meno yamepishana, uzao unapungua. Halafu hapa Tanga mjini Januari joto na unyevu, sungura kabeba sufu yote ile, dume likipigwa na joto linapanda na jike hashiki mimba. Wa Lushoto kwenye baridi anaweza kuchezea rangi, sisi wa pwani tutafute kwanza anayehimili.

Sasa mwenzangu kitoto anachotaka kubaki nacho kina jicho moja la bluu lingine la kahawia, ni kizuri kweli, lakini nilipopuliza manyoya yake mgongoni ngozi ikaonekana kubwa, sufu nyepesi. Dada yake wa kijivu nikapuliza, ngozi kidogo tu, sufu imejaa. Nimemwambia abaki na huyo wa kijivu, bado hajanijibu.