Parabeni tunaziogopa, klobetasoli tunaipaka

Ujumbe wa sauti unaozunguka kwenye magrupu ya WhatsApp hapa Dar es Salaam husema jambo lilelile: losheni na deodoranti zina parabeni, yaani vihifadhi vya kemikali, na parabeni zinaleta saratani ya matiti. Wanaousikia wanatupa makopo na kuanza kujitengenezea vya kwao nyumbani. Woga huo una msingi, ila umeelekezwa kusiko.

Mwaka 2004 watafiti wa Uingereza walikuta parabeni kwenye sampuli 20 za uvimbe wa saratani ya matiti. Matiti yasiyo na saratani hawakuyapima kwa kulinganisha, kwa hiyo matokeo yale hayathibitishi kwamba parabeni ndizo zilizoleta uvimbe. Tena parabeni ni za aina nyingi. Umoja wa Ulaya ulipiga marufuku aina tano mwaka 2014, lakini methylparaben inaruhusiwa hadi asilimia 0.4. Kazi yake ni kuzuia bakteria na ukungu. Ukisaga mshubiri kwenye blenda na kuuweka kwenye kopo bila kihifadhi, kwa joto la huku bakteria huota kabla hata harufu haijabadilika. Mafuta ya nazi matupu hayana shida hiyo kwa sababu hayana maji.

Hata hivyo, wenye wasiwasi wasibezwe. Utafiti uliotolewa Marekani mwaka 2022, uliofuatilia wanawake zaidi ya 33,000, ulikadiria kwamba kati ya wasiotumia kabisa bidhaa za kunyoosha nywele, asilimia 1.64 watapata saratani ya mji wa mimba kufikia umri wa miaka 70. Kwa wanaozitumia zaidi ya mara nne kwa mwaka ni asilimia 4.05. Haina maana kwamba kila anayeweka dawa ataugua, wala utafiti wa namna hiyo peke yake hauthibitishi chanzo. Lakini anayerudi saluni kila baada ya wiki nane anafikisha mara sita kwa mwaka, na wateja wa namna hiyo Sinza na Manzese ni wengi. Kupunguza hadi mara tatu, au kusuka tu, ni tahadhari ya busara isiyo na gharama.

Sasa mkorogo, yaani mchanganyiko wa kujichubua ngozi. Hapa hakuna mabishano ya kitaalamu, na hapa ndipo kelele zingefaa kupigwa. Tyubu za klobetasoli ya asilimia 0.05 hukamuliwa kwenye kopo la losheni, hukorogwa, na mteja huambiwa apake mwili mzima asubuhi na jioni. Klobetasoli ni steroidi, dawa ya homoni, ya kundi kali kuliko yote ya kupaka. Daktari huitoa kwa ugonjwa wa ngozi kama soriasisi, kwa kawaida isizidi wiki mbili mfululizo wala gramu 50 kwa wiki, na si ya usoni. Kupaka mwili mzima wa mtu mzima mara moja kunakula gramu 20 hivi. Losheni hupunguza ukali wake, ni kweli, lakini anayekoroga hapimi, na anayepaka hupaka kwa miaka.

Ngozi inakuwa nyembamba, michirizi inajitokeza mapajani, fangasi wanasambaa bila mwasho wa kumshtua mtu, na kidonda cha upasuaji wa uzazi kinachelewa kufunga. Kukiwa na haidrokwinoni, kemikali ya kung'arisha ngozi, ndani, baada ya muda mashavu hutoa madoa ya bluu nyeusi. Mtu hudhani ni weusi unarudi, anaongeza dozi, na madoa yanazidi.

Zebaki, inayotiwa kwenye baadhi ya krimu za kujichubua, ni mbaya zaidi kwa sababu inaharibu figo, na mvuke na mabaki yake kwenye shuka na taulo humfikia mtoto. Krimu ya gramu 50 yenye asilimia 1 ya kiambato cha zebaki ina miligramu 500 za kiambato hicho. Kwenye lebo tafuta maneno "mercury" au "calomel", au onyo la kutogusisha krimu na dhahabu, fedha au aluminiamu.

Wapo wanaosema Shirika la Viwango Tanzania (TBS), linalosimamia vipodozi tangu 2019, likikaza msako Kariakoo tatizo litakwisha. Msako unasaidia kwa krimu za zebaki zinazoingizwa nchini. Kwa klobetasoli hausaidii sana, maana tyubu yenyewe ni dawa halali. Kosa linafanyika nyuma ya kaunta, kwenye kopo lisilo na lebo.

Aliyepaka mkorogo kwa miezi asiache ghafla bila daktari. Tezi zilizo juu ya figo huenda zimepunguza kutengeneza steroidi ya mwili wenyewe, na kuacha mara moja kunaweza kuleta kizunguzungu, kutapika na presha kushuka. Miguu ikivimba au mkojo ukitoa povu, aombe vipimo vya figo na zebaki. Kopo asilitupe, aende nalo, kwa kuwa daktari hawezi kukisia kilichomo.