Derna haikuuawa na mvua peke yake

Makala inaeleza maafa ya Derna, Libya, ya Septemba 2023 kana kwamba dhoruba Daniel pekee ndiyo iliyoua maelfu ya watu, na hapo sikubaliani na mwandishi. Mabwawa mawili ya Wadi Derna, bonde la mto upitao mjini, ndiyo yaliyobomoka na kuuzamisha mji; moja lilikuwa jirani kabisa na mji, na yote yalijengwa miaka ya 1970 kwa mawe yaliyoshindiliwa juu ya kiini cha udongo wa mfinyanzi. Ukuta wa namna hiyo, maji yakishapita juu yake, humomonyoka upande wa chini na kubomoka upesi sana. Mkataba wa ukarabati wa mwaka 2007 ulikwama vita vilipozuka 2011, na mwaka 2022 mtaalamu wa Chuo Kikuu cha Omar Al-Mukhtar alichapisha onyo la wazi kuhusu hali hiyo. Fedha za mafuta zilikuwepo, jamani! Kilichokosekana ni serikali moja ya kusimamia kazi. Walionusurika, waliokwisha kupoteza jamaa zao, wakakatazwa hata maji ya visima kwa kuwa yalichanganyika na majitaka. Julai 2024 mahakama iliwatia hatiani maofisa 12, lakini wanasiasa waliogawana nchi hawakuguswa.